Gemu la Mfereji, Toleo la Kompyuta

Jumatatu, 2 Desemba

Nimefungua duka saa mbili. Vumbi juu ya mashine ya kopi, nimefuta, upepo umelirudisha. Kopi za vitambulisho, picha za pasipoti, mzee mmoja na barua ya mpaka wa shamba aliyotaka iandikwe "kwa ukali lakini kwa heshima". Nimejitahidi.

Mchana kimya. Nilikuwa natafuta wino wa printa mtandaoni, sijui nilibonyeza wapi, nikaliona. Gemu la Mfereji! Limetolewa upya, sasa linachezwa kwenye kompyuta. Milima miwili inayotazamana, vijitu vya kofia za majani, bonde kavu katikati. Nimepiga kelele peke yangu dukani. Mama wa vitumbua wa jirani akaja kuuliza kama nimeumwa na nge.

Jina lake halisi sikuwahi kulijua. Mjomba alilikuta lile dude la kuchezea gemu kwenye televisheni ndani ya buti ya gari la mtumba alilolitoa bandarini, gemu likiwa ndani yake, maandishi yote Kijapani. Akatuletea hapa Same, enzi hizo baba yupo reli na tunakaa nyumba za reli. Mimi na Sante, mdogo wangu. Tulilicheza mpaka pedi zikafutika rangi.

Nilichofanya baada ya ile kelele ni kuchukua simu nimwambie Sante. Nimefika kwenye jina lake ndipo nikakumbuka kwamba hatuongei.

Jumatano, 4 Desemba

Nimesoma maoni ya walionunua. Watu wana hasira hawa. Mmoja anasema picha zimepigwa pasi mpaka vijitu vimepoteza sura. Mwingine anasema mvua ikinyesha gemu linakwamakwama. Mwingine: msinunue, ngojeni punguzo. Mwingine ameandika maneno mengi kama mahubiri ya mkesha, kumbe anachotaka kusema ni kwamba utoto wake umeharibiwa.

Mawili ndiyo yamenishika. La kwanza, wawili wanaweza kukaa kompyuta moja, lakini kibodi moja haiwatoshi: wakibonyeza kwa pamoja, mmoja hasikiki. La pili ni baragumu. Wanasema limeondolewa, limewekwa tarumbeta. Wengine wanabisha kwamba lile la zamani bado lipo, limefichwa kwenye mipangilio.

Bila baragumu mimi sina haja nalo.

Ilikuwa hivi. Kila mchezaji ana mlima wake, anachimba mfereji wake kuteremsha maji. Halafu kuna kitufe kimoja chekundu. Ukikibonyeza linalia baragumu, sauti ndefu, nzito, mwishoni inapasuka kidogo kama mpulizaji ameishiwa pumzi. Vijitu vya milima yote miwili vinatoka mbio kuelekea bondeni. Tulipolisikia mara ya kwanza tuliangaliana. Nani asiyelijua? Ni lile lile la Suji, kijijini kwetu kule mlimani, la kuitia msaragambo. Likilia, kila nyumba inatoa mtu na jembe: barabara, mfereji, ndiva, bwawa la kumwagilia, ikijaa matope inazolewa. Asiyetokea anatozwa faini.

Basi na sisi tulifanya hivyo. Baragumu likilia, kila mmoja anaacha mfereji wake, tunachimba bwawa bondeni pamoja, maji yanajaa, maandishi yanatokea, muziki mdogo mtamu. Tunashangilia. Na faini ilikuwepo, maana Sante alikuwa na tabia ya kumalizia kwanza mfereji wake: anayechelewa kufika bwawani ananunua karanga.

Bei yake ni sawa na mfuko wa saruji na chenji kidogo. Sijaamua.

Ijumaa, 6 Desemba

Mama kapiga. Nikamwamkia, marahaba yake ikawa fupi, nikajua leo lipo jambo. Ameuliza Krismasi tunapanda lini. Nikasema mimi tarehe ishirini na nne. Na Sante? Nikasema sijui ya Sante.

Akasema, kwa Kipare ambacho huwa anakihifadhi kwa ajili ya mambo mazito, kwamba hapiki makande sufuria mbili. Tukija, tuje pamoja. Mmoja akija bila mwenzake, aishie kwa jirani. Akakata.

Ana miaka sabini na sita na anakata simu kama waziri.

Jumatatu, 9 Desemba

Sikukuu. Duka nusu siku. Nimepakua toleo la kuonja, la bure. Bando limekwisha, bora lingekwenda kwenye kazi.

Vijitu kweli vimepigwa pasi. Nilikizoea kile kimoja chenye kofia ya upande, Sante alikiita Mwenyekiti. Kipo, lakini kofia imenyooka. Mvua ikinyesha linakwamakwama, walisema kweli. Nikabonyeza kitufe. Tarumbeta. Ya harusi kabisa, ilibaki mtu wa kutupa mchele.

Nimechukia kupita kiasi. Nimefunga laptopu na nikakaa nikitazama milima. Ukitoka mlangoni kwangu unaiona yote, Shengena imevaa wingu lake. Mama yuko nyuma ya pale, peke yake, na jiko la kuni na sakafu ya saruji inayoteleza.

Hapo ndipo tulipogombana. Julai, ukungu, baridi ya kule juu, mama akateleza jikoni, akalala chini mpaka jirani alipokuja kuomba moto. Mimi nikasema ashuke akae kwangu, hospitali ipo hapo tu. Sante akasema mama aking'olewa Suji atakauka, kaburi la baba liko pale, migomba yake iko pale. Nikamteremsha. Yeye akaja akampandisha. Akaniambia nimemwiba mama. Nikamwambia anayempenda mama kwa kumwacha aanguke ni yeye. Tangu hapo kimya, miezi mitano. Yuko Makanya, kwenye machimbo ya jasi. Gari la kwenda Suji linapita Makanya, njia ya kwa mama inapita karibu na mlango wake. Mwezi wa kumi nilipopanda niligeuza uso upande wa pili, upande wa mkonge.

Bado naona nina haki. Naandika hapa kwa sababu hapa hakuna wa kunibishia.

Jumanne, 10 Desemba

Nimenunua.

Sikungoja punguzo. Wanaosema ngojeni hawana mama aliyetoa amri.

Mipangilio, sauti, chini kabisa, kijisanduku kidogo: sauti za asili. Nimeweka tiki. Nimebonyeza.

Ni lenyewe. Na ile pumzi ya mwisho inayopasuka. Nimelia, na mteja yupo mbele yangu anangoja kulaminetiwa cheti cha ubatizo. Kaniuliza kama nimefiwa. Nikasema hapana, ni gemu. Sasa ataeneza Same nzima.

Jumanne hiyo hiyo, jioni

Ngoja niandike hili vizuri kwa sababu sijui nilicheke au nililie.

Toleo jipya lina Kiingereza. Leo kwa mara ya kwanza maishani nimesoma maelezo ya Gemu la Mfereji. Milima miwili ni maadui. Maji hayatoshi wote. Baragumu ni la vita! Ukilipuliza unaita jeshi lako, lishuke bondeni, likabomoe mfereji wa jirani na kumwibia maji. Yale si majembe mikononi mwa vijitu, au ni majembe lakini si ya kuchimbia.

Nikacheza kama tulivyocheza sisi, mkono mmoja mlima huu, mkono wa pili mlima ule. Baragumu, bonde, bwawa, maji yakajaa, muziki ule mtamu, maandishi. Nikasoma maandishi tuliyokuwa tukiyashangilia miaka yote, tukirukaruka juu ya kitanda cha baba.

Yanasema: Hakuna mshindi. Jaribuni tena.

Alhamisi, 12 Desemba

Nimefikiria sana. Je, nimwambie? Haongei na mimi, nitamwambia vipi? Ujumbe wa maneno nilishatuma, Agosti, mrefu, wenye aya. Tiki za bluu. Ujumbe wa Septemba ulikuwa mfupi. Tiki za bluu. Maneno yangu na yake yamekwisha, tuliyatumia yote Julai.

Saa tano asubuhi nimeweka simu karibu na spika ya laptopu, nikabonyeza kitufe, nikarekodi baragumu. Baragumu tu. Nikatuma.

Mtu wa Suji hawezi kulisikia baragumu akakaa. Ndivyo nijuavyo mimi.

Ijumaa, 13 Desemba

Tiki za bluu. Hakuna kitu.

Wazazi wengi leo, fomu za watoto wa kidato cha kwanza. Mashine imekwama mara mbili. Nimemjibu vibaya baba mmoja, nikamwomba radhi, nikamwongezea bahasha.

Jumapili, 15 Desemba

Kanisani sikusikia mahubiri. Nilikuwa najitukana kimoyomoyo. Mwanamke mzima, mwenye duka na nywele za mvi, anatuma mlio wa gemu kwa mwanamume mwenye watoto watatu. Angejibu nini? Angefikiri namdhihaki.

Nimejaribu kulicheza inavyotakiwa, kwa vita. Kompyuta upande wa pili. Imenishinda mara zote. Inabomoa mfereji wangu kabla sijafika hata nusu ya mlima. Kumbe hili gemu sikuwahi kulijua kulicheza. Nilijua kitu kingine.

Jumatatu, 16 Desemba

Wifi Joyce, mke wa Sante, kapiga. Yeye hakuwahi kununa, huwa ananipigia akienda gengeni. Leo alikuwa ananong'ona.

"Wifi, umemtumia nini huyu mtu?"

Nikamuuliza kwani kuna nini. Anasema tangu Alhamisi Sante ana kitu anakisikiliza. Anaenda nyuma ya choo na simu, linalia dude kama ng'ombe mgonjwa, anarudi amenyamaza. Jana kalisikiliza mbele ya watoto, wakamuuliza ni nini, akawaambia ni mambo ya kazi.

Nikacheka mpaka nikakaa chini. Wifi akanuna kidogo, alidhani namficha jambo.

Moyo wangu umefunguka. Siyo wote, dirisha moja.

Alhamisi, 19 Desemba

Amekuja.

Sikumwona akiingia, nilikuwa nimeinama natoa karatasi iliyonasa kwenye mashine. Nimeinuka, huyu hapa, amesimama mlangoni, nyusi zina vumbi jeupe la jasi, amekonda. Nilitaka kusema amekonda. Nikajizuia.

Hakunisalimia. Aliweka mfuko kaunta. Karanga za kukaanga, mfuko mzima wa rambo, za kulisha harusi.

"Faini," akasema. "Nimechelewa miezi mitano."

Nilizunguka kaunta nikamshika, akanishika, jasi ikanijaa kwenye gauni. Wateja wakaangalia pembeni, Mungu awabariki.

Nilifunga duka saa kumi. Tumekaa kwenye viti viwili vya wateja, laptopu juu ya boksi la karatasi, karanga katikati. Kibodi ni ile ile waliyoilalamikia, tukibonyeza wote mmoja hasikiki. Mwanzoni tuligombana. Kisha ikabidi tupeane zamu, wewe, mimi, wewe, mimi, bega kwa bega kwa sababu kibodi yenyewe ni ndogo. Wale wa mtandaoni wameliita hilo kosa kubwa kuliko yote. Mimi sijawahi kukaa karibu na mdogo wangu hivyo tangu tukiwa wadogo.

Akamtafuta Mwenyekiti. Akamwona kofia imenyooka, akasikitika kweli kweli, akasema wamempeleka semina.

Kisha nikamwambia. Kwamba ni vita. Kwamba tulitakiwa kuibiana maji. Nikamwonyesha maelezo, akayasoma taratibu, mdomo unacheza. Akafika kwenye yale ya mwisho, hakuna mshindi. Nilimtazama usoni kwa hofu, nisimharibie.

Alimenya karanga, akaila.

"Basi waliolitengeneza hawakujua kulicheza," akasema.

Tukapiga baragumu.

Ijumaa, 20 Desemba

Kalala kwenye kochi, karudi Makanya na gari la asubuhi. Kabla hajaondoka tulizungumza habari ya mama, na tulianza vibaya. Mimi hospitali, yeye kaburi. Mimi sakafu, yeye migomba. Sauti zilishaanza kupanda. Ghafla akainyoosha shingo kama anasikiliza kitu, akapuliza kwa mdomo, baragumu, na ile pumzi ya mwisho. Vibaya mno, mate yakanirukia.

Tumekubaliana moja tu: hatujawahi kumuuliza mama mwenyewe. Tangu Julai. Hata mmoja wetu hajamuuliza. Nimeona aibu, na yeye pia, tukabaki kukung'uta maganda.

Jumanne, 24 Desemba

Suji. Baridi, matope, harufu ya moshi na majani ya migomba. Gari liliposimama Makanya sikugeuza uso. Walikuwa pale kituoni wote watano, Sante na wifi na watoto, mzigo kama wanahama. Tumepanda tukiwa tumebanana, wifi kaniketisha mtoto mapajani, kona zote za mlimani kanilalia kifuani.

Mama alituona kwa pamoja tunashuka kutoka njia kuu. Akaingia jikoni akaongeza mahindi kwenye sufuria. Moja.

Jumatano, 25 Desemba

Baada ya kanisa na chakula, watoto walitaka gemu. Laptopu ilikuwa na chaji. Mama alikuwa jikoni, nyuma ya nyumba, na magoti yake yale yanayomuuma. Sante akaongeza sauti mpaka mwisho, akapiga baragumu.

Jikoni kitu kilianguka. Tukakimbia. Mama alikuwa amesimama uani, kanga imefungwa kiunoni, jembe begani. Anaangalia juu njiani.

"Msaragambo siku ya Krismasi?" akauliza. "Nani huyu hana adabu?"

Tulicheka, tukamwonyesha. Hakucheka. Alikaa kwenye kiti mbele ya skrini akatazama vijitu vikitoka milimani, akasema wale wa kushoto wanachimba vibaya, maji yatawakimbia. Sante akahamisha. Alikuwa sahihi.

Hapo, macho yakiwa kwenye skrini, akasema bila kuulizwa. Kwamba anajua tunamgombania, mji mzima unajua. Kwamba baridi ikianza, mwezi wa sita, yeye mwenyewe atashuka Same, kwa sababu magoti ni yake na anayasikia. Mvua za vuli zikikaribia atapanda, maana migomba ni yake pia. Na kwamba sakafu ya jikoni inataka kukwaruzwa isiteleze, si kuhubiriwa.

Sikupata nilichotaka. Sante naye hakupata. Nimemtazama naye kanitazama. Kwenye skrini bwawa likajaa, muziki ukaanza, watoto wakauliza imeandikwa nini.

Sante akawaambia imeandikwa hongereni.

Alhamisi, 26 Desemba

Mvua nyepesi tangu asubuhi. Sante amechukua tindo anakwaruza sakafu ya jikoni, anapiga, anapumzika, anapiga. Mama amelala kwenye kiti na redio inanong'ona. Wifi anasuka watoto.

Chaji imekwisha. Nimefungua laptopu tu kuisafisha. Ganda la karanga limeingia chini ya herufi K, ukibonyeza hairudi. Nikifungua duka barua za watu zitatoka bila K.

Sijalitoa bado.